Mechi ya karabini: nini mupigie kura, nini musiguse

Mudogo mumoja wa Ruashi ameniandikia, nafupisha kidogo: "Yaya, jambo. Klabu yetu iko na watu 14 na karabini za hewa 5, ruhusa tumepata, hangari tumepata, upande mumoja iko wazi. Tunataka kufanya mechi ya kwanza mwezi wa 7 lakini kila tukikutana ni kelele. Wamoja wanataka kupiga zamu zamu, wengine wanasema mutu apige zote amalize. Kuko wenye wanataka kuegemea kwa meza. Mukubwa mumoja anataka pointi za asubui zibebwe mpaka kwa finali, mwingine anasema finali ianze kwa sifuri kama Olimpiki. Nifuate sheria za ISSF (shirika la dunia la kupiga shabaha) zote ao nifuate wapigaji? Nimechoka kabisa."

Jambo mudogo, na pole. Nimesoma mara mbili nikacheka peke yangu juu hizo kelele zote nilizipita, moja kisha ingine, na kosa langu la kwanza ilikuwa kuitisha kura. Tulikaa chini ya muembe saa tisa, nikauliza kila mutu anapenda nini, tukatoka pale giza imeingia na hatuna hata sheria moja. Juu mupigaji ukimuuliza anapenda sheria gani, atakutajia ile yenye inafunika shimo lake. Mwenye mikono inatetemeka anapenda meza, mwenye anachoka haraka anapenda zamu zamu apate kupumua, mwenye anaongoza asubui anapenda pointi zibebwe. Sio kama ni watu wabaya, hata mimi niko vile vile, mwaka yenye bega lilikuwa linaniuma nilikuwa natetea mechi za risasi 20 kama vile ni amri ya Mungu.

Basi mimi nagawa hivi. Usalama haupigiwi kura hata siku moja. Vipimo, yaani shabaha, umbali, namna ya kuhesabu tundu, azima kwa ISSF vile viko, usipunguze milimeta. Ile yenye inabakia, namna ya kucheza, njo ya kuuliza watu, lakini uwaulize mwezi muzima mbele, uandike kwa karatasi moja, ubandike kwa ukuta, na siku ya mechi hakuna tena mazungumuzo.

Usalama sitakaa sana. Karabini yenye haiko kwa mustari wa kupigia inapitishwa uzi wa plastiki wa rangi ya machungwa ndani ya mututu, utokee mbele na nyuma, hivi kila mutu anaona kwa macho kama hamuna risasi. Ule uzi munene wa mashine ya kukata majani unafaa sana, unakata vipande vitano umemaliza. Kuamrisha ni mutu mumoja tu, na maneno ni machache: pakia, anza, simama. Akisema simama hata kidole kiko tayari kufyatua, unashusha. Hakuna mwenye anaenda kuchukua karatasi mbele ya karabini zote kufunguliwa na kulazwa chini. Miwani kwa wote, hata wenye wanatazama, juu kile kirisasi kikigonga chuma vibaya kinarudi. Na musikule bukari mbele ya kunawa mikono, zile risasi ni za plomb, ile madini yenye sumu. Mwenye anabisha juu ya hizi arudi kwake, hata kama ni yeye alinunua karabini.

Vipimo sasa, na hapa nitakaa kidogo juu njo fasi watu mingi wanaanguka bila kujua. Shabaha ya mita 10 ya karabini, ile duara nyeusi iko na milimeta 30.5, yote mpaka mustari wa 1 ni 45.5, na ile 10 ya katikati ni kadoti ka milimeta 0.5 tu, kichwa cha sindano. Risasi yenyewe ni kalibri 4.5, kwa hiyo ikigusa tu kale kadoti ni 10, maana yake katikati ya tundu ikikaa ndani ya milimeta 2.5 kutoka kwa katikati ya shabaha umepata. Sasa wewe utaenda kwa mutu wa fotokopi pale mujini, utamupa ile faili, na mashine yake itapunguza kidogo ili iingie vizuri kwa karatasi, hata yeye hataona. Sisi tulichapisha 300 hivo. Mechi yote watu wanalalamika kama pointi zimeshuka, mpaka kijana mumoja wa masomo akatoa rula yake kwa mufuko akapima ile duara nyeusi: 29. Tulikuwa tumepigana mwezi muzima na shabaha yenye haiko kwa kitabu chochote. Kwa hiyo chapisha moja, pima na rula, kisha ndio uchapishe zingine.

Na karatasi yenyewe isikuwe ile ya kuandikia barua. Inapasuka, tundu inakuwa kama nyota, kila mutu anaona mustari mwenye anataka kuona. Chukua bristol, ile karatasi ngumu batoto wanatumia kwa masomo, inakata tundu ya muviringo. Wakati wa mvua hata bristol inavuta maji kidogo na kulegea, lakini muko mwezi wa 7, hewa imekauka, hiyo shida muiache kwa watu wa mwezi wa kwanza.

Tundu ikikaa juu ya mustari munahesabu ile pointi ya juu kama imegusa. Kama macho hayakubaliani munaingiza geji, kile kijiti cha chuma chenye unene wa risasi, mara moja tu, na anayeingiza ni arbitri, sio mupigaji, sio rafiki yake. Mara moja juu ukiingiza mara mbili tundu inapanuka, na mara ya tatu hata 8 itakuwa 9. Kisha unaandika kwa ile karatasi kama geji imepita, unatia sahihi, tumemaliza. Nilishaona mama mumoja, mupigaji muzuri sana, karatasi yake ya mwisho tundu imesimama pale pale kwa mustari wa 9, watu wote wameinama juu yake kama wanatazama mutoto muchanga, arbitri anapumua, anaingiza geji pole pole, hakuna mwenye anakohoa. Iligusa. Ile furaha haina bei, na hakuna hata mumoja alibisha, juu wote waliona ni mukono mumoja na mara moja.

Sasa zamu zamu ao mutu amalize. Hii inatoka mbali, na ukijua inatoka wapi utajua ya kuwajibu.

Kule kwa karabini kubwa za masafa marefu, Uingereza pale Bisley, Afrika Kusini pale Bloemfontein, watu wanapiga kuanzia yadi 300 mpaka 1000, yaani karibu mita 914, wamelala kwa tumbo, na mukanda wa kukaza mukono na diopta (ile tundu ndogo ya kulengea), bila darubini. Wawili ao watatu wanagawana shabaha moja. Wewe unapiga moja, kule chini ya kilima kuko watu ndani ya shimo, wanashusha shabaha, wanaweka alama fasi risasi imepita, wanaipandisha, jirani yako anaandika pointi yako, kisha yeye anapiga na wewe unamuandikia. Ukishaandika uko na sekunde 45 za kupiga yako. Hivi zamu zamu inafaa juu ya mambo mbili: ule wakati wa kuweka alama haupotei bure, na zaidi ya yote ni upepo. Kwa mita 900 upepo unaweza kutoa risasi nje ya shabaha kabisa, na ukipiga zamu zamu wewe na jirani munakula upepo ule ule, hakuna mwenye anachagua. Kuko wengine, Wamarekani na wamoja wa F-Class (mechi ya masafa marefu ya kuegemeza karabini na kutumia darubini), wanapiga mfululizo, mutu peke yake kwa shabaha yake. Hapo mwenye akili anangoja upepo wenye anaujua, ukikuja tu anapiga haraka haraka tano sita mbele haujageuka. Wenye wanapenda zamu wanasema ule sio ujuzi wa kusoma upepo, ni mbio. Wenye wanapenda mfululizo wanasema zamu inalala, unangoja jirani mwenye anafuta miwani mpaka mwili wako umepoa. Nimepiga zote mbili na nakuambia ukweli wangu, masafa marefu napenda zamu, juu jirani mwenye anakuandikia pointi hatakusahau, munatoka pale ni ndugu.

Lakini nyinyi muko mita 10! Hakuna shimo, hakuna mutu wa kuweka alama, upepo ni kidogo tu kwa ule upande wazi, tundikeni turubai pale. Na karabini ni za klabu, watu watatu kwa karabini moja. Mukipiga zamu zamu na karabini moja, kila mutu atageuza diopta ya mwenzake kila risasi, klik mbili kushoto, klik tatu chini, kisha anasahau kurudisha, na mechi itaisha na vita. Kwa hiyo kwenu ni mfululizo, mutu amalize zake, hii hata kura usiite. Wapenda zamu uwape kitu kingine: kila mupigaji akuwe na mwenzake nyuma yake, anamuandikia risasi ngapi amepiga. Utaona wanaacha kelele.

Muda nao uhesabu mbele. ISSF mechi ya kawaida ni risasi 60, kwa karatasi dakika 90, kwa mashine ya elektroniki dakika 75, na mbele yake dakika 15 za kujipanga na kujaribu bila hesabu. Nyinyi 14 kwa karabini 5 ni mizunguko mitatu, saa moja na dakika 45 mara tatu inapita saa tano, bila kuhesabu kubadilisha watu, na yule wa muzunguko wa tatu atapiga na njaa. Pigeni 20 kwa dakika 30, na dakika 10 za kujaribu, kila mutu azipate mupya hata kama karabini imetoka tu kwa mikono ya mwenzake, juu jicho lake haliko la mwenzake. Si aibu kupunguza. Wanawake wenyewe kwa mashindano ya dunia walikuwa wanapiga 40 mpaka mwaka 2018 njo wakapewa 60 kama wanaume. Nafasi kwa mustari mupige kura ya vikaratasi ndani ya kofia, yule mwenye ataangukia karibu na upande wazi akuwe ni bahati imemutuma, sio wewe.

Ah, na zile karabini. Kama kati ya tano kuko za springi na kuko za hewa ya kushindiliwa, usizichanganye kwa orodha moja. Ile ya springi inaruka mukononi, hii ingine inakaa kimya kama paka. Na chupa za hewa tazama tarehe, inaandikwa juu yake, ikipita muda wake, mara mingi ni miaka 10, haiingii kwa mustari hata kama inaonekana mupya.

Meza. Hapa wengi watakuambia kata tu, sheria ya ISSF mita 10 ni kusimama bila kuegemea kitu, na mukanda hauruhusiwi, kiwiko tu unaweza kukikalisha kwa nyonga ao kwa kifua. Ni kweli. Lakini mimi sikate watu. Yule F-Class niliyetaja, ile F ni ya George Farquharson, muzee mumoja wa Canada, mwili ulianza kumukatala mukanda na diopta akaomba kupiga na darubini na kuegemeza karabini. Wenzake hawakubadilisha mechi yao kwa ajili yake na hawakumufukuza pia, ilianzishwa aina ingine pembeni, na orodha yake, na leo iko na mashindano ya dunia. Fanya vile. Meza iwe na orodha yake, pointi zake, hata zawadi yake ndogo, na isichanganywe na wenye wanasimama. Wazee wako na wenye mugongo unauma watakuja. Na utashangaa, wale vijana wenye walikuwa wanapigania meza, ukiwaambia muende kwa orodha ya meza pamoja na wazee, nusu yao watasimama.

Makoti ya kupigia, kama mumoja analo na 13 hawana, mwaka huu hakuna mwenye anavaa. Siku mutakuwa nayo mingi mutaanza kupima unene, ISSF inakubali milimeta 2.5 na inapima hata ugumu wake, ni kazi ya mutu muzima, bado.

Finali njo hakika iko mambo ya kupenda, na wakubwa wako wawili wote wako na haki. Mbele ya mwaka 2013 pointi zilikuwa zinabebwa. Beijing 2008, Abhinav Bindra wa India aliingia finali na 596, alikuwa wa ine, juu yake kuko mwenye 598. Risasi kumi akapata 104.5 (kwa finali risasi moja inahesabiwa na desimali, mpaka 10.9), jumla 700.5, medali ya dhahabu, na ilikuwa ya kwanza ya mutu mumoja kwa India tangu waanze Olimpiki. Kwa hiyo mwenye anakuambia pointi zikibebwa finali inakufa, mutajie huyo. Kutoka 2013 wanaanza kwa sifuri, na kwa Paris 2024 ilikuwa risasi 24, wanapiga tano, tano ingine, kisha moja moja, na kila risasi mbili wa mwisho anatoka. Ni tamu kutazama kama Mazembe na Lupopo zikienda kwa penalti. Wapigaji wengi wa asubui nzuri hawaipendi, unafanya kazi saa nzima kisha wanakufuta, nawaelewa.

Lakini ile ya kutoa mutu kila risasi mbili inataka mashine yenye inaonyesha pointi pale pale na inahesabu mpaka 10.9. Nyinyi na karatasi, kila risasi simama, fungua karabini, mutu aende mita 10, arudi, geji, kelele, anza tena. Risasi 24 zitawapeleka mpaka usiku. Kwa hiyo mwaka huu bebeni pointi, watu tano wa kwanza, kwa sababu karabini ni tano, risasi 10, karatasi mupya kwa kila risasi, pointi nzima bila desimali. Wakifungana tazameni kumi za mwisho za asubui, kisha kumi za mbele yake. Muandike hii mbele, juu kufungana kutatokea, kwa pointi nzima watu wanafungana sana. Mwaka kesho munaweza kugeuza, hii njo kitu cha kupigia kura kweli kweli, na mupigishe kura wenye wamecheza tu, sio wenye walikuja kutazama.

Kitu cha mwisho hakikuulizwa lakini kitakukuta: mutu kupiga shabaha ya jirani. Kwetu namba 3 alipiga kwa karatasi ya namba 4. Namba 4 amesimama na tundu 11, anaapa zote nzuri ni zake, namba 3 anaapa hajakosea, na mimi nilikuwa nimeanza kugawa pointi kati yao kama mirathi. Usigawe. Mwenye amepiga kwa jirani ile risasi yake ni sifuri. Mwenye amepokea, kama haijulikani yake ni gani, anapewa ile ya juu. Inaonekana kama zawadi, lakini yeye hakufanya kosa, kwa nini alipe. Na yule mwenzake wa nyuma mwenye anaandika atawasaidia hapo, juu aliona mututu umegeukia wapi.

Yule mukubwa wenu mwenye kelele kuliko wote, usimuache atazame tu. Mupe geji na kalamu, akuwe arbitri wa karatasi, na mumoja mwenye anaaminika asimame pembeni yake. Wetu tulimufanya vile, leo yeye njo anafukuza watu kwa meza ya hesabu, "rudi kwa mustari, mbele yako kuko wengine." Andika ile karatasi yako wiki hii unitumie niisome, na kamata rula yako mbele ya kwenda kwa fotokopi.